Heshima Haimpandishi Mzee Daladala

Mazungumzo kuhusu wazee na usafiri wa Dar es Salaam hayachelewi kufika kwenye adabu. Vijana wa siku hizi hawapishi viti, makonda hawana haya, zamani haikuwa hivi. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya kupanga usafiri wa mijini na lawama hiyo sikubaliani nayo. Panda Coaster inayotoka Buguruni saa tano asubuhi uangalie: mwenye mvi akishaingia, aghalabu kuna mtu ameinuka kabla hajaambiwa. Shikamoo inatolewa, kikapu kinapokelewa na kuwekwa miguuni, mtu wa nyuma anasema mpisheni bibi apite. Ndani ya gari heshima ipo. Lakini huwezi kumpisha kiti mtu aliyebaki kituoni, na shida kubwa ya mzee katika usafiri wa mji huu iko mlangoni.

Mlango wa daladala unaendeshwa na hesabu. Kila abiria amelisikia neno hilo, ila ni wachache wanaoliunganisha na mama aliyeachwa kituoni. Dereva anachukua gari kwa tajiri alfajiri, na usiku anatakiwa kukabidhi kiasi kilekile, mvua inyeshe isinyeshe, foleni iwepo isiwepo. Mafuta ni juu yake. Mpiga debe wa stendi lazima apewe chake. Kinachobaki ndicho anachogawana na konda, na siku mbaya hakibaki kitu. Akiugua, deiwaka anashika usukani, na akipona huenda akakuta deiwaka ndiye dereva. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyezifuatilia daladala za Dar kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu kizima juu yake mwaka 2017, ameonyesha kwamba wengi mno wa wanaofanya kazi hii hawamiliki gari wala hawana mkataba wa kueleweka, na kwamba mwendo wa kasi, kujaza kupita kiasi na kukatisha ruti vinazaliwa na mpangilio huo wa malipo kuliko tabia za watu.

Mpangilio wenyewe una zaidi ya miaka 40. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa mwaka 1974 na halikuchukua muda kuzidiwa na mji uliokuwa unakua kila kukicha. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Mji ukapata usafiri bila hazina kutoa senti, na hadi leo daladala inaishi kwa nauli tu. Anayetegemea nauli tu hutafuta vichwa vingi kwa muda mfupi, na ndani ya biashara ya namna hiyo abiria mwepesi ni faida, abiria mzito wa miguu ni hasara. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo, kila siku, kwenye kila ruti.

Mtazame mama wa miaka 70 na ushei akipanda Coaster. Anaanza kwa kutafuta pa kuweka kikapu, maana mikono yote miwili inahitajika. Anashika bomba la mlangoni kwa mkono mmoja. Upande wa pili hakuna bomba, kuna konda. Anapandisha mguu wenye nafuu, anatulia kidogo avute pumzi, kisha anavuta mguu wa pili hadi uungane na wa kwanza kwenye ngazi ileile. Ngazi ya pili anaanza upya. Kijana hufanya yote haya gari likiwa bado linatembea. Mama anahitaji gari lililosimama kabisa, tena lililosogea hadi ukingoni mwa barabara, kwa sababu likisimama huko kati ngazi ya kwanza inarefuka kwa kimo chote cha ukingo. Na kama gari lenyewe ni Eicher au Tata iliyojengwa juu ya chesisi ya lori, ngazi hiyo inamfika karibu na goti. Tukio zima linaweza kula nusu dakika. Katika nusu dakika hiyo gari la nyuma la ruti ileile linampita dereva wetu na kwenda kuzoa vichwa vya kituo kinachofuata.

Konda analijua hilo kabla mama hajainua mguu. Ndiyo maana utasikia "mama, subiri ya nyuma, hii imejaa" hata pale ambapo nafasi ipo. Hamchukii. Akikutana naye mtaani atampokea mzigo na kumfikisha nyumbani. Lakini mlangoni mwa gari anapiga hesabu ya usiku, na mama hayumo kwenye hesabu hiyo.

Akifanikiwa kuingia, bado kuna la pili. Konda anagonga bodi mara mbili na gari linaondoka, mama akiwa bado anatafuta pa kushika. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wazee wengi wanaoumia ndani ya mabasi hawaumii kwa magari kugongana. Wanaanguka basi linapoondoka, linapofunga breki, au wanapoinuka mapema ili wawahi kushuka. Mzee aliyeanguka ndani ya gari mara moja, hata kama hakuvunjika kitu, huwa anapunguza safari. Kwanza anaacha za sokoni, halafu za msikitini au kanisani, halafu misiba ya mbali. Mwisho anabakiwa na safari ya hospitali tu, na hiyo anaifanya akiwa amebanwa kabisa. Familia itasema mzee amechoka, siku hizi hapendi kutoka. Mara nyingi mzee hajachoka na watu. Amechoka na ule mlango.

Kwa hiyo kila ninaposikia pendekezo kwamba wazee wapewe nauli nafuu, likaishia hapo, napata wasiwasi. Nauli nafuu bila mtu wa kulipa pengo tayari tunaijaribu, tena kwa watoto wetu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam analipa shilingi 200. Ni haki yake, imeandikwa, imetangazwa, na kila mmoja ameona matokeo yake: watoto wenye sare wamejipanga kituoni saa kumi na mbili asubuhi, gari linasimama mita 30 mbele yao, konda ananing'inia mlangoni akipaza sauti "mwanafunzi mmoja tu!" Wanakimbia, anapanda mmoja, waliobaki wanasubiri kukimbilia jingine. Akishaingia, anatakiwa asimame, maana kiti ni cha mwenye nauli kamili. Aliyeweka nauli hiyo alikuwa na nia njema, ila gharama ya nia yake ameitupia mfukoni mwa dereva, naye dereva anairudisha kwa mtoto kwa kumwacha kituoni.

Mpe mzee nauli ya mwanafunzi kwa utaratibu huohuo na utakuwa umemwongezea konda sababu ya pili ya kumwacha. Leo mzee anachelewesha gari lakini analipa sawa na wengine. Kesho atachelewesha gari na kulipa pungufu. Mtoto anaweza kukimbia mita 30. Bibi yake hawezi.

Nchi zilizowapa wazee unafuu ukafanya kazi zililijibu swali hili mwanzoni. London imekuwa na kadi ya wazee ya kusafiri bure tangu mwaka 1973, na mabaraza ya mitaa ndiyo yanayoilipia. Tangu mwaka 2008 mzee popote England ana kadi ya kupanda basi la kawaida bure nje ya saa za msongamano, na sheria inataka kampuni ya basi ilipwe kwa kila safari ya namna hiyo kwa kiwango kitakachoifanya isipate hasara wala faida kwa kumbeba. Ukiwa dereva wa basi huko, mzee anayegusisha kadi yake mlangoni hapunguzi chochote kwenye mshahara wako. Kisha kuna jambo ambalo wengi hulipita: ndani ya London yenyewe kampuni binafsi zinazoendesha mabasi zinalipwa kwa kuendesha ruti kama mkataba ulivyosema, na mapato ya nauli yanakwenda kwa mamlaka ya mji. Kichwa kimoja zaidi au pungufu hakimgusi dereva. Anaweza kusubiri.

Hapo ndipo ninapoweka uzito wangu. Kinachotakiwa kununuliwa kwa ajili ya mzee ni muda wa gari kusimama. Nauli inafuata baadaye. Muda huo una bei, na leo hakuna anayeilipa, ndiyo maana hakuna anayeutoa.

Dar es Salaam ina mahali pamoja ambapo mlango ulitengenezwa vizuri. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ulipoanza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, kilometa 21 hivi, ulikuja na kitu ambacho hakikuwahi kuwepo kwenye basi la mjini hapa: jukwaa la kituo linalolingana na sakafu ya basi. Hakuna ngazi. Mzee anaingia kwa kutembea, mwenye kiti cha magurudumu anasukumwa ndani, mama mwenye mtoto mgongoni hainami. Nauli inalipwa kabla ya kupanda, kwa hiyo mlangoni hakuna konda. Mwaka 2018 mji ulipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na kwa usanifu ule ulistahili.

Lakini usanifu ni nusu ya kazi. Basi lisiposogea karibu na jukwaa, linabaki pengo ambalo kijana halioni na mzee analiona kuliko kitu kingine chochote kituoni. Mabasi yakipungua, na yamewahi kupungua, Kimara asubuhi na Gerezani jioni mlango unakuwa vita ya viwiko. Jukwaa sawa halimsaidii mtu wa miaka 70 aliyesukumwa pembeni na umati. Ukisimama Gerezani saa kumi na moja jioni huoni wazee wengi kwenye foleni, na mtu anaweza kudhani hawana safari saa hizo. Wanazo. Wameshajifunza kutokuja.

Kuna pia barabara yenyewe. Vituo vingi vya mwendokasi vipo katikati ya barabara, na kuvifikia ni lazima uvuke njia za magari. Taa za kuvukia kwa kawaida hupangwa kwa mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde. Watafiti wa Uingereza walipowapima wazee wa miaka 65 na kuendelea mwaka 2012 walikuta mwendo wao wa wastani ni mita 0.9 kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Kwenye barabara ya mita 12 tofauti hiyo ni sekunde tano kwa mwanamke, yaani taa inawaka nyekundu bibi akiwa mbele ya bodaboda iliyokwisha kunguruma. Kubadilisha muda wa taa ni kazi ya fundi mmoja ya mchana mmoja. Sijui mabadiliko mengine ya usafiri yaliyo rahisi kuliko hayo.

Wazee wenyewe wamebuni njia zao, na mipango ya maana ingeanza kwa kuzisoma. Iliyoenea zaidi ni kugeuza na gari. Mzee anayetaka kwenda Mbagala kutoka Kariakoo jioni hapandi Kariakoo. Anatafuta gari linaloingia mjini, anapanda kituo kimoja au viwili kabla ya mwisho, anakaa, anafika nalo mwisho, na wakati vijana wanapandia madirishani yeye tayari yumo. Konda anamtoza nauli mbili. Kwa maneno mengine, mzee wa Dar es Salaam analipa nauli kubwa kuliko kijana ili apate kiti na mlango usio na vurugu. Anayetaka uthibitisho kwamba wazee wanathamini mlango kuliko punguzo la nauli, uthibitisho ndio huo, wanautoa kwa fedha yao kila jioni.

Tuzungumzie hospitali, maana safari hiyo haina mbadala. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure. Hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee, na ni jambo jema. Ila dirisha linaanza kumhudumia akishafika. Tufanye hesabu ya kufika. Nauli ya daladala kwa ruti isiyozidi kilometa 10 iliyoanza kutumika Desemba 2023 ni shilingi 600. Mzee anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi anatumia 2,400. Mwenye kisukari kilichogusa macho haendi peke yake, anasindikizwa na mjukuu, kwa hiyo ni 4,800. Weka bodaboda ya kutoka nyumbani hadi kituoni, weka gari lililokatisha ruti njiani likamlazimu apande jingine na kulipa upya. Matibabu ya bure yamekwisha kuwa na bei, na bei hiyo inalipwa kila tarehe ya kliniki. Punguzo lolote la nauli lisilomgusa msindikizaji limekata hesabu katikati.

Halafu kuna saa. Kliniki za sukari na presha katika hospitali zetu nyingi huwaita wagonjwa wote asubuhi, na ili uwe na namba nzuri inabidi ufike mapema sana. Maana yake tunawatoa wazee wagonjwa nyumbani na kuwaweka kituoni kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi, muda uleule ambao wafanyakazi na wanafunzi wa mji mzima wanagombea magari. Saa nne magari yaleyale yanapita na viti vitupu, na makonda wanaita abiria kwa upole. Mganga mfawidhi anayehamishia nusu ya kliniki yake saa nne na kutoa namba kwa simu siku moja kabla atakuwa amefanya kazi kubwa ya usafiri wa wazee kuliko kikao chochote nilichowahi kuhudhuria, na hatanunua hata tairi moja. Wapo wanaotakiwa kupimwa sukari kabla ya kula, hao waanze wao asubuhi. Wengine hawana sababu ya kitabibu ya kuwa kituoni alfajiri.

Kwenye gari lenyewe, yapo yanayoweza kuamriwa kesho. LATRA, mamlaka ya udhibiti iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA kwenye usafiri wa ardhini, ndiyo inayotoa leseni za ruti. Leseni hizo zina masharti, na masharti yanafuatwa pale yanapokaguliwa. Tuliamuru kila daladala ichorwe ukanda wa rangi ya ruti yake, ikachorwa. Tuliamuru dereva na konda wavae sare, wanavaa. Basi tuamuru bomba la pili la kushika mlangoni, la rangi ya njano inayoonekana na jicho lenye mtoto wa jicho. Tuamuru ngazi ya ziada ya chini kwenye gari ambalo ngazi yake ya kwanza iko juu mno, na ukanda wa njano kwenye ukingo wa kila ngazi. Fundi wa kuchomelea wa Gerezani anamaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri. Viti viwili vya kwanza nyuma ya mlango viandikwe kuwa vya wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu. Viti hivyo havihitaji askari, abiria wenyewe watavilinda, kwa sababu kama nilivyosema ndani ya gari heshima ipo.

Bomba na ngazi vinafupisha muda wa kupanda. Kumfanya dereva akubali kuutoa muda uliobaki ni kazi nyingine, nayo inahitaji fedha. Napendekeza tuanze na ruti chache zinazopita hospitali: Muhimbili, Mwananyamala, Amana, Temeke. Mamlaka iingie mkataba na wamiliki wa magari ya ruti hizo kuendesha idadi fulani ya safari kati ya saa tatu na saa tisa mchana, kwa malipo ya kilometa, hesabu ya tajiri ikiwa imekwisha kulipwa ndani yake. Dereva apate mshahara wa siku kwa saa hizo. Masharti yawe machache na ya kupimika: gari lisimame ukingoni, lisiondoke mpaka abiria mzee ameketi, lifike mwisho wa ruti. Nje ya saa hizo gari lirudi kwenye biashara yake ya kawaida. Saa hizo ndizo magari hutembea na viti vitupu, hivyo hakuna anayeporwa abiria, na wamiliki wengi wangefurahia mapato ya uhakika katikati ya siku.

Watakaosema serikali haiwezi kulipia safari za watu mmoja mmoja, nitawaelekeza kwenye m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura za uzazi. Mfumo huo ulianzia kanda ya ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mjamzito au mzazi akipata dharura, inapigwa simu namba 115, kituo cha kuratibu kinatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo karibu kinampigia dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyesajiliwa mapema. Dereva anamfikisha mgonjwa, kituo cha afya kinathibitisha, malipo yanaingia kwenye simu yake. Hakuna hati za karatasi za kuzungusha ofisini miezi sita. Kwa hiyo tayari tunajua kusajili madereva wa mtaani, kuwapangia viwango na kuwalipa papo hapo kwa safari waliyomfanyia mwananchi. Sipendekezi kupakia wazee kwenye namba 115, ile ni ya dharura na iachwe hivyo. Ninasema njia ya malipo ipo, imejaribiwa, na safari ya kliniki ni rahisi kuipanga kuliko uchungu wa usiku wa manane kwa kuwa tarehe yake imeandikwa kwenye kadi ya mgonjwa mwezi mmoja kabla.

Safari za namna hiyo zinahitajika zaidi kwa wale ambao hata kituo hawakifikii, na vijijini hao ni wengi. Gina Porter wa Chuo Kikuu cha Durham, akishirikiana na shirika la wazee la HelpAge, alifanya utafiti wilayani Kibaha mkoa wa Pwani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013. Kitu kimoja kinaupa utafiti ule thamani ya pekee: miongoni mwa waliowahoji wazee walikuwemo wazee wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Mzee humwambia mzee mwenzake mambo ambayo hamwambii kijana mwenye kishikwambi. Walichoeleza ni kwamba bodaboda zimekuwa mkombozi, zinafika palipokuwa hapafikiki, lakini bei yake inauma na hatari yake inaogopesha.

Anayekaa vijijini ameona namna mgonjwa mzee anavyosafirishwa. Dereva mbele, mzee katikati, kijana wa nyumbani nyuma amemkumbatia asidondoke. Huo ni mshikaki, na sheria inaukataza kwa sababu nzuri. Lakini kwa mzee asiye na nguvu ya kujishikilia ndiyo gari la wagonjwa lililopo, na askari anayewasimamisha barabarani analijua hilo vizuri kama wao. Bajaji ni bora mara kumi: sakafu iko chini, kuna pa kuegemea, msindikizaji anakaa pembeni. Kijiji au mtaa unaotaka kuwasaidia wazee wake kwa fedha kidogo uanze na bajaji moja yenye bomba la kushika na ratiba inayofahamika, Jumatatu na Alhamisi kwenda kituo cha afya, Ijumaa msikitini, Jumapili kanisani, siku ya mnada mnadani.

Ratiba inayofahamika ni muhimu kuliko ukubwa wa gari. Mji wa Musashino, pembezoni mwa Tokyo, ulifikia uamuzi huo mwaka 1995. Wazee wake walikuwa wanaishi kwenye vichochoro ambavyo basi kubwa haliingii. Mji ukanunua mabasi madogo, ukaweka vituo kila baada ya mita 200 hivi, nauli ikawa yeni 100, na basi likaja kwa saa ya uhakika. Miji mingi ya Japani ikaiga. Hawakuwaamuru wazee watembee hadi barabara kuu, walileta kituo karibu na nyumba. Vichochoro vya Manzese na Tandale havina tofauti kubwa kwa upana, na bajaji zinapita humo tayari. Zinachokosa ni mtu wa kuziambia zipite lini na kuzilipa kwa kupita hata siku ambayo kuna abiria wawili tu.

Awamu nyingine za mwendokasi zinaendelea kujengwa, na kila awamu inakuja na mikataba mipya ya waendeshaji, ya barabara kuu na ya mabasi yanayowaleta abiria kutoka mitaani. Mikataba hiyo ikishasainiwa, kinachokosekana ndani yake hakirudi kirahisi. Kabla wino haujakauka, ningependa kuona imeandikwa humo basi lisimame umbali gani kutoka kwenye jukwaa na faini yake ni kiasi gani, mabasi mangapi yapangwe kwa ajili ya saa za kliniki, mabasi ya mitaani yawe na ngazi ya kimo gani, na dereva alipwe kwa siku bila kuhesabiwa vichwa. Kadi za kielektroniki zikitumika, na kitambulisho cha taifa kikiwa na tarehe ya kuzaliwa ya kila mwenye nacho, punguzo la mzee na la msindikizaji wake linaweza kuhesabiwa na kurejeshwa kwa mwendeshaji kila mwisho wa mwezi, safari kwa safari. Kwenye meza ya kuandaa masharti hayo wawepo pia wazee, na kikao kifanyike saa nne asubuhi, mahali ambapo wanaweza kufika.